Isizidi Moja Nukta Tano

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata maneno haya yakiwa yamekwishachapwa, juzi nilikuwa soko la Kilombero hapa Arusha nikitafuta ndizi, mama mmoja muuza maharage akanitambua kwa sauti. "Kaka wa redioni," akaniita, "wewe kila wiki unatueleza mambo ya dunia. Hebu leo nieleze na hili." Akachomoa chini ya meza daftari la hisabati la mwanawe wa kidato cha kwanza.

Ukurasa mzima ulikuwa umejaa mistari iliyolala, juu yake namba, na juu ya namba vidoa. Vidoa vingine vilijazwa wino, vingine vimeachwa vitupu kama pete, na kutoka kwenye kila kidoa mshale ulikimbilia kulia au kushoto. Kalamu nyekundu ya mwalimu ilikuwa imekosoa zaidi ya nusu. "Sare nimenunua, madaftari nimenunua," akasema yule mama. "Sasa mishale hii itamsaidia nini huyu mtoto?"

Nilitaka kujibu kwa mzaha, lakini mama alipokuwa akisema niliyaona meno yake. Yalikuwa ya kahawia, yenye madoa, sawa na haya ya kwangu. Nikamwuliza anatokea wapi, akanijibu kuwa amezaliwa na kukulia upande wa Maji ya Chai. Basi nikajua kwamba jibu la swali lake amekuwa akitembea nalo kinywani tangu utotoni, na mimi vilevile.

Tuanze na ile mistari. Hesabu tulizozizoea wengi wetu ni za "sawa na". Mbili jumlisha tatu ni sawa na tano, na ukiandika sita umekosa. Lakini tazama jinsi sheria na taratibu zetu zinavyosema, utaona kwamba neno "sawa na" ni adimu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano haimtaki mpiga kura awe na miaka 18 barabara. Inamtaka awe ametimiza miaka 18. Wa 18 anapiga, wa 19 anapiga, na babu wa 80 anapiga. Dereva anayepita katikati ya makazi ya watu anaambiwa mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa. Hakuna trafiki atakayemsimamisha kwa kwenda 32. Hizi ndizo hesabu za kutolingana. Jibu lake ni fungu zima la namba, na huwezi kuzitaja zote, maana kati ya 18 na 19 kuna kumi na nane na nusu, na robo, na siku moja, na saa moja. Kwa kuwa huwezi kuzitaja, unazichora.

Redio haina ubao, kwa hiyo wakati wa matangazo niliwaomba wasikilizaji wafumbe macho wasimame nami Mnara wa Saa, pale ambapo wenyeji hupenda kuwaambia wageni kuwa ni katikati ya njia ya kutoka Cape Town kwenda Cairo. Hapo mnarani tupaite sifuri. Ukielekea Tengeru na Usa River, kila kilometa uihesabu chanya: moja, mbili, tatu. Ukigeuka kuelekea Kisongo, zihesabu hasi: hasi moja, hasi mbili, hasi tatu. Huo ndio mstari wa namba. Mwingereza mmoja, John Wallis, aliueleza karibu hivyohivyo katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1685: mtu anakwenda mbele yadi 5, kisha anarudi nyuma yadi 8. Je, yuko wapi? Yuko yadi 3 nyuma ya pale alipoanzia, na hayo matatu ni hasi. Kwenye mstari huu, aliye kulia zaidi ndiye mkubwa. Shika hilo, tutalihitaji.

Sasa vidoa. Kidoa kilichojazwa maana yake namba yenyewe imo. Kilicho kitupu maana yake namba yenyewe haimo, jibu linaanzia pembeni yake. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri kuliko tunavyokisikiliza. "Angalau", "isiyopungua", "isiyozidi": hapo jaza kidoa. "Zaidi ya" na "chini ya": hapo kiache kitupu. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1995, Katiba ya Muungano ilimtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Nusu kamili isingetosha. Kidoa kwenye 50 kilikuwa kitupu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliondoa sharti hilo, sasa anayewazidi wenzake kura ndiye mshindi. Ni vidoa tu, lakini watu wamekwisha kugombana kwa vidoa.

Alama zinazotumika ni < kwa "ndogo kuliko" na > kwa "kubwa kuliko". Mdomo mpana hutazama namba kubwa. Zilitokea kwenye kitabu cha Thomas Harriot kilichochapwa London mwaka 1631, miaka kumi baada ya mwenyewe kufariki. Kistari cha chini kinachoongeza maana ya "au sawa na" kilikuja karne moja baadaye, na leo tunaandika ≤ na ≥. Kuhusu alama, hayo yanatosha.

Turudi kwenye meno. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake, kama ilivyo miamba mingi ya Bonde la Ufa, inayeyusha floridi ndani ya maji. Floridi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivi haina ladha. Rangi ile iliyoupa mto wa Maji ya Chai jina lake siyo floridi, ingawa watu wengi hudhani hivyo. Maji meupe kabisa, ya kuvutia kwenye glasi, yanaweza kuwa nayo tele. Katika maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, floridi inafikia mamia ya miligramu kwa lita moja, na flamingo wanayafurahia. Lakini wewe na mimi siyo flamingo. Kidogo chake kinaimarisha meno. Kikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka ndani ya fizi, meno huota na madoa yasiyosafishika kwa mswaki wala kwa mkaa. Kikizidi zaidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huguswa: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mabadiliko ya mifupa huweza kuonekana maji yanapokuwa na miligramu kati ya 3 na 6 kwa lita, na ulemavu mzito hutokea hasa yanapozidi 10. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani.

Kiwango kinachopendekezwa na shirika hilo ni kwamba floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. "Isizidi": kidoa kilichojazwa, mshale kwenda kushoto hadi sifuri. Lakini hapa kwetu kidoa hicho kimetembea. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa sababu iliyo wazi, kwamba sehemu nyingi za kaskazini hazikuwa na maji mengine ya kunywa. Baadaye kikashushwa hadi 4, na katika kiwango cha taifa cha mwaka 2018 kikawa 1.5. Mimi nina umri wa miaka arobaini na kitu, kwa hiyo nimezaliwa chini ya kidoa cha 8. Chukua kisima cha kubuni chenye miligramu 3.8. Kilikuwa halali kwenye 8, kilikuwa halali kwenye 4, na kwenye 1.5 siyo halali tena. Maji hayakubadilika hata tone. Kilichosogea kwenye mstari ni kidoa. Sisemi waliopanga 8 walikuwa wabaya, maana kumnyima mtu maji yote ni kumuua upesi zaidi. Nasema tu kwamba mtoto anayekunywa maji hajui kidoa kimewekwa wapi.

Pale sokoni niligeuza daftari ukurasa wa mwisho nikamwandikia mama hesabu. Tuseme kisima chenu kina miligramu 6 kwa lita, na tuseme una maji ya mvua, ambayo kwa kawaida floridi yake ni karibu na sifuri. Ndoo yako ya kunywa na kupikia ni ya lita 20. Uweke lita ngapi za kisima, nyingine ujaze kwa mvua, ili ndoo nzima isizidi 1.5?

Lita za kisima tuziite x. Zinaleta miligramu 6x. Ndoo nzima inaruhusiwa miligramu 1.5 mara 20, yaani 30. Kwa hiyo:

6x ≤ 30

Gawanya pande zote kwa 6, unapata x ≤ 5. Na kwa kuwa hakuna ndoo yenye lita hasi, x ni sifuri au zaidi. Chora mstari, weka kidoa cheusi kwenye 0, kingine cheusi kwenye 5, kisha koleza wino katikati. Lita 5 za kisima, 15 za mvua. Pungufu ya 5 ni bora zaidi, kuzidi 5 hapana. Mama akakubali kwamba hiyo ni hesabu ya kinyumbani kabisa, akaniuliza kwa nini basi mwanawe amekosolewa.

Nikamwonyesha kosa la mwanawe, ambalo ndilo kosa la darasa zima tangu enzi zetu. Tuseme mvua hakuna, ila kuna chemchemi ya miligramu 0.5 kwa lita, ya kuifuata kwa miguu. Safari hii tumhesabu yule aliye mzuri: lita za chemchemi tuziite y. Kisima kitachukua nafasi iliyobaki, 20 − y.

0.5y + 6(20 − y) ≤ 30

Fungua mabano, kama MAGAZIJUTO inavyotaka: 0.5y + 120 − 6y ≤ 30. Kusanya: 120 − 5.5y ≤ 30. Toa 120 pande zote: −5.5y ≤ −90. Sasa gawanya kwa −5.5. Mtoto wa yule mama angeandika y ≤ 16.36, akachora mshale kwenda kushoto. Kwa maneno ya nyumbani amesema: maji mazuri yasizidi lita kumi na sita na kitu. Kwa jibu hilo hata lita sifuri za chemchemi zinakubalika, yaani ndoo nzima iwe ya kisima, miligramu 6 kwa lita, mara nne ya kikomo. Hesabu imefanywa vizuri mistari minne, mstari wa tano ukaharibu maji.

Kanuni ni kwamba ukizidisha au ukigawanya pande zote kwa namba hasi, alama inageuka. Jibu sahihi ni y ≥ 16.36: angalau lita kumi na sita na kitu. Walimu wengi huwaambia watoto "geuza alama", wakaishia hapo, nao watoto hugeuza siku wanayokumbuka. Sababu yake iko palepale Mnara wa Saa. Tengeru na Usa River zote ziko upande mmoja, na Usa River ni mbali zaidi, kwa hiyo namba yake ni kubwa zaidi. Sasa chukua umbali uleule wa kila moja ukaupime upande wa Kisongo. Aliyekuwa kulia zaidi sasa amekuwa kushoto zaidi. 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5, na yeyote mwenye deni dukani analijua hilo bila kuandikiwa: anayedaiwa elfu mbili ana hali bora kuliko anayedaiwa elfu tano. Kuzidisha kwa hasi ni kuupindua mstari mzima ukizungukia sifuri, na mstari ukipinduliwa, aliyetangulia anakuwa wa nyuma.

Na ikiwa huamini kanuni, jaribu. Chukua namba moja kutoka upande uliouchora, iingize kwenye hesabu ya mwanzo. Ukiingiza y = 0 unapata 120 ≤ 30. Huo ni uongo, hivyo mshale wako umeelekea kusiko.

Kuna jambo jingine ambalo shule hulipita haraka. Mhesabu huyohuyo angetafuta lita za kisima badala ya za chemchemi, angepata x ≤ 3.63 na kitu. Tumefundishwa kukadiria, 3.63 iwe 4. Tia 4: kisima kinaleta miligramu 24, chemchemi lita 16 zinaleta 8, jumla 32. Gawa kwa 20, ni 1.6. Umevuka. Kwenye "isizidi" tunakata kwenda chini, tuseme lita 3 na nusu; kwenye "angalau" tunapandisha, lita 16 na nusu za chemchemi. Ni jibu lilelile limetazamwa kutoka ncha mbili za ndoo.

Halafu kuna magadi. Sisi wa kaskazini tunayapenda kwenye makande, yanalainisha mahindi upesi. Baadhi ya magadi yana floridi nyingi, na watafiti wameyataja kuwa sehemu ya tatizo la meno katika maeneo haya. Ukiyatia, umeongeza namba upande wa kushoto wa hesabu wakati 30 ya kulia imebaki palepale, basi x lazima ipungue. Kwa jiko kubwa lisilo na maji mbadala kuna njia nyingine; kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimeshughulika kwa miaka mingi na machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi. Hilo linastahili siku yake.

Mama wa maharage akasema nyumbani ana simtanki la lita 2,000 chini ya bati. Basi tukafanya ya mwisho. Kila siku anatoa lita 15 za mvua kwa ndoo yake. Baada ya siku d tanki limebaki na 2,000 − 15d, nayo isipungue sifuri:

2,000 − 15d ≥ 0

Toa 2,000, unapata −15d ≥ −2,000. Gawanya kwa −15, geuza alama: d ≤ 133.33. Siku 133. Tanki likiwa limejaa tarehe 1 Juni, linakauka tarehe 11 Oktoba. Kiangazi chetu, tukihesabu Juni mpaka mwisho wa Oktoba, ni siku 153, na vuli hawana mkataba na mtu. Kidoa cha tanki kiko 133, kidoa cha mvua kiko 153, na kati yao kuna siku 20 za kisima kitupu chenye 6.

"Nipunguze," akasema yule mama kabla sijamaliza. Ndivyo. Akitoa lita 13 badala ya 15, siku 153 zitakula lita 1,989, tanki linatosha. Lakini kisima nacho kinashuka, na hapa x inakaa pande zote mbili, maana ukubwa wa ndoo umebadilika: 6x ≤ 1.5(13 + x). Fungua, 6x ≤ 19.5 + 1.5x. Toa 1.5x pande zote, 4.5x ≤ 19.5, hivyo x ≤ 4.33. Chukua 4. Ndoo ina lita 17 badala ya 20, na kila lita ina miligramu 1.41. Ya kuoga na kufulia achote kisimani anavyotaka. Tatizo ni yale yanayopita kinywani.

Akatulia kidogo, akauliza swali ambalo nililitegemea tangu mwanzo. "Kaka, hiyo 6 ya kisima chetu umeijuaje?"

Siijui. Niliiweka mimi. Visima viwili vya kijiji kimoja chini ya Meru vinaweza kutofautiana sana, na macho hayapimi. Sampuli ipelekwe maabara ya maji, na kamati ya maji ya mtaa ina haki ya kuiomba namba hiyo na kuibandika mahali watu wanapochotea. Nilimwambia hivyo. Akachukua kalamu ya mwanawe, akaikata ile 6 kwa mstari mmoja, akaacha nafasi wazi juu yake, kisha akafunga daftari na kunipimia maharage niliyokuwa sijayaomba.